Jabali la Simba na Msitu wa Lubaga

Binadamu husafiri kwa sababu nyingi. Husafiri kutafuta chumvi, elimu, dawa, mchumba, au baraka za waliotangulia. Katika miaka yetu hii imezuka safari ya namna nyingine ambayo wazee wetu wangeishangaa. Mtu huondoka kwao, akavuka bahari na kulipa fedha nyingi, ili akasimame mahali ambapo jambo fulani halikutokea. Twasema halikutokea kwa kuwa lilibuniwa na watunzi wa sinema. Huko New Zealand wageni huzunguka miji na mashamba wakiitafuta nchi ya vibwengo waliyoiona katika filamu. Katika mji wa kale wa Dubrovnik, pwani ya Croatia, huonyeshwa ngazi alizoshuka malkia ambaye hakuzaliwa kamwe. Wageni hupiga picha, hushika mawe, na baadhi yao hutokwa na machozi.

Je, safari ya namna hiyo ina maana yoyote? Na mahali penyewe, pamoja na watu wakaao hapo, wana haki gani mbele ya hadithi iliyoletwa na wengine? Mwanafunzi aliyeko Kyela aweza kudhani kwamba haya ni maswali ya wenye fedha huko mbali. Sivyo. Yamekwisha kubisha hodi Afrika Mashariki, na mlango umekwisha kufunguliwa.

Kutoka Nairobi hadi Naivasha ni mwendo wa kilomita 90 hivi. Kusini ya ziwa la Naivasha lipo bonde lenye kuta ndefu za miamba, ambamo mvuke hutoka ardhini usiku na mchana. Wamaasai huliita Ol Njorowa. Wasafiri wa Kizungu waliofika huko katika mwaka 1883 waliliita Lango la Jehanamu, na kwa jina hilo, Hell's Gate, Serikali ya Kenya ililifanya kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wachoraji wa kampuni ya Walt Disney walifika hapo kutazama nchi, wanyama na mwanga wa jua, kabla ya kuitengeneza filamu ya The Lion King iliyotolewa mwaka 1994. Mwaka 2003 ikatoka filamu nyingine, Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, yenye sehemu zilizopigwa katika bonde hilohilo, nayo yasimulia habari za sanduku la maafa lililofichwa mahali pa siri katika Afrika. Tangu hapo wageni wengi huingia bondeni wakiuliza kwanza jabali la mfalme simba liko wapi.

Hebu tulitazame vizuri jambo hili, maana lina ajabu ndani yake. Filamu ile ya 1994 haikupigwa Naivasha. Haikupigwa mahali popote duniani. Ilichorwa kwa mikono, karatasi juu ya karatasi, katika vyumba vya Marekani. Hata ile ya mwaka 2019, ambayo wanyama wake wafanana na wanyama hai, ilifanyizwa kwa kompyuta. Basi mgeni anayelitafuta jabali la simba hatafuti mahali ilipotendeka habari, wala mahali ilipoigizwa habari. Atafuta mahali palipompa mchoraji wazo. Amefuata kivuli cha kivuli, naye amefika akiwa na njaa, jua na viatu vilivyojaa vumbi, yaani amefika kweli. Vumbi lile si la kubuni.

Kando ya njia, ndani ya hifadhi hiyo, umesimama mwamba mrefu peke yake. Wamaasai husimulia kwamba mwamba huo ni binti aliyekuwa akitoka kwao kwenda kuolewa. Alikatazwa kutazama nyuma, lakini huruma ya nyumbani ikamshinda, akageuka, akawa jiwe. (Wasichana wa leo watakuwa na lao la kusema juu ya katazo hilo, nasi hatutawazuia.) Katika ramani mwamba huo huitwa Mnara wa Fischer, kwa jina la Gustav Fischer, Mjerumani aliyepita hapo. Sasa umefika wakati wa jina la tatu, la sinema. Binti, msafiri, simba: jiwe moja limebeba hadithi tatu, kila moja ikikaa juu ya mwenzake kama mkeka uliotandikwa juu ya mkeka. Mgeni hukalia ule wa juu, na wale wa chini huoza bila kuonekana.

Jambo kama hilo limetokea katika lugha. Filamu ile ya simba ilichota maneno ya Kiswahili kwa wingi. Mwana wa mfalme aitwa Simba, ambalo ni kama kumwita mtoto wa mtu Mtu. Nyani aitwa Rafiki, na fisi mmoja aitwa Shenzi, neno ambalo mwalimu hapendi kulisikia darasani. Ngiri aitwa Pumbaa, na tukubali kwamba hapo walipatia. Usemi wa «hakuna matata», ambao wenyeji wa pwani ya Kenya walikuwa wakiutumia bila kumwomba mtu ruhusa, kampuni hiyo iliusajili Marekani mwaka 2003 kuwa alama yake ya biashara katika mavazi. Usajili huo haukumzuia mtu yeyote kuusema. Hata hivyo, watu wengi walipopata habari hizo mwaka 2018 walitia sahihi zao kuupinga, na hasira yao ilikuwa na msingi. Neno ni mahali pia. Watu hukaa ndani yake.

Hapo baadhi ya wasomaji wetu watatarajia tupaaze sauti, tuseme kwamba hadithi za kubuni za wageni ni kasumba, na kwamba watu wetu wazuru tu mahali pa kweli palipotukia mambo ya kweli. Hatuwezi kusema hivyo kwa haraka, kwa sababu tunatoka Busale.

Sisi tuliozaliwa Busale, kati ya migomba na mashamba ya kokoa, tukiinua macho upande wa mashariki twaiona Milima ya Livingstone ikisimama juu ya Ziwa Nyasa kama ukuta. Milima hiyo nayo imepewa jina la mgeni. Nyuma yake ndiko Ukinga, na masimulizi ya Wanyakyusa yasema kwamba machifu wetu walitoka huko, wakashuka bondeni wakiwa na moto na ng'ombe, wakawakuta watu ambao hawakuwa navyo. Je, ilikuwa hivyo hasa? Mwanahistoria atatikisa kichwa. Yapo mambo mengi katika masimulizi hayo ambayo hayawezi kuthibitishwa. Lakini juu ya masimulizi hayohayo yalijengwa mambo makubwa. Huko Lubaga, katika nchi ya Rungwe, palikuwa na msitu mtakatifu wa Lwembe, mtawala aliyeaminiwa kuwa mvua na rutuba vimo mwilini mwake. Machifu wa mbali walipeleka ng'ombe wa tambiko. Aliyechaguliwa kuwa Lwembe hakushangilia, kwa sababu haikuruhusiwa afe kama watu wengine wanavyokufa. Alipodhoofika, wakuu wa tambiko walimziba pumzi, ili nguvu ya nchi isife pamoja naye. Wapo walioikimbia heshima hiyo.

Karibu na Ipinda, huku kwetu bondeni, pana mahali paitwapo Pali-Kyala, yaani palipo na Kyala. Leo kila Mnyakyusa aendaye kanisani hulitamka jina hilo akimwita Mwenyezi Mungu, maana wamisionari walilichukua na kulitia katika maandiko. Lakini wazee waliozungumza na Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walimtaja Kyala kuwa shujaa wa kale, jamaa yake Lwembe, mwenye mahali pake pa kutambikiwa. Kwa hiyo kwetu pia jina limepanda juu ya jina, mkeka juu ya mkeka, wala hatukufa kwa hilo. Na kule Masoko, kwenye ziwa dogo lililokaa katika shimo la volkano, ambako Wajerumani walikuwa na boma la askari, watu husimulia mpaka leo kwamba dhahabu ya Wajerumani ilizamishwa humo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mtu hutazama maji yale ya kijani, naye haoni maji, aona dhahabu. Ana tofauti gani na yule wa Naivasha anayetazama jabali akaona simba?

Tena ukweli peke yake hauvuti miguu ya watu. Ziwa Nyasa lilishuhudia tendo la vita la mapema sana katika ile Vita Kuu. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza iitwayo Guendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Sphinxhaven, ambapo leo ni Liuli. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Hayo yalitokea kweli. Lakini mtalii akitaka kuona vita vya maziwa yetu huambiwa habari za filamu ya The African Queen, ya mwaka 1951, ambayo yasimulia mambo ya Afrika Mashariki ya Wajerumani na ilipigwa Kongo na Uganda. Watu huenda mpaka karibu na maporomoko ya Murchison kukumbuka walikopita waigizaji, na Liuli pabaki pamenyamaza na samaki wake.

Basi tofauti haipo kati ya hadithi ya kweli na hadithi ya kubuni. Twafikiri ipo mahali pengine: ipo katika kile ambacho hadithi humdai mtu anayekwenda.

Aliyekwenda Lubaga alidaiwa. Alidaiwa ng'ombe, alidaiwa kunyamaza, alidaiwa asikate mti wala asiokote kuni. Alidaiwa pia amani na jirani zake, maana katika mawazo ya Wanyakyusa tambiko la mtu mwenye hasira moyoni halina faida, na hasira hiyo hudhuru hata watoto. Mahali palikuwa na amri, na mtu alijifunza kujipunguza ili aingie. Safari ya sinema mara nyingi huenda kinyume chake. Mgeni ndiye mwenye amri. Amekuja na picha kichwani, na anadai mahali pafanane nayo. Pasipofanana hulalamika kwamba jabali ni dogo kuliko alivyotarajia, au kwamba wamejenga nyumba mahali pasipotakiwa kuwa na nyumba. Katika filamu ya simba hakuna binadamu hata mmoja. Mtoto aliyelelewa na filamu hiyo akifika Naivasha atamwona Mmaasai na ng'ombe wake kama mtu aliyeingia jukwaani kwa makosa. Jambo hili silo dogo, kwa kuwa katika nchi zetu wako watu waliohamishwa kutoka ardhi zao ili pori libaki bila watu, kama picha itakavyo.

Bonde lile lenyewe lina amri zake, ziwe zimesimuliwa au zisisimuliwe. Mvua ikinyesha mbali, juu milimani, maji hushuka ghafla katika mfereji wa miamba ingawa mbingu iliyo juu ya mgeni ni nyeupe. Mwezi Aprili 2012 vijana saba wa kanisa waliokuwa matembezini walichukuliwa na maji hayo wakafa. Septemba 2019 mafuriko mengine ya ghafla yaliua tena watu ndani ya bonde hilo. Hatusemi kwamba waliokufa walikuwa wakifuata sinema. Waliingia kama wengi waingiavyo, kwa furaha. Twasema kwamba mahali si picha ya ukutani. Sisi wa Kyela, ambao Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe hutoka kingo zao karibu kila masika na kuingia katika mpunga na hata majumbani, twajua kwamba wazee waliokataza kucheza pembezoni mwa mto fulani wakisema una mwenyewe hawakuwa wakipiga porojo. Hadithi ile ilikuwa uzio.

Hata hivyo tusizipambe mila kupita kiasi. Wapo wataalamu wazuri, wenye nia njema, ambao wanagombana na mila hizo kwa sababu za haki. Katika michoro ya miambani ya Kolo, wilayani Kondoa, iliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2006, wenyeji bado hutambika kwenye mapango yenye michoro. Katika tambiko pombe huweza kumwagwa au kurushwa, na rangi za kale zikadhurika. Mhifadhi huona uharibifu. Mzee huona kwamba mhifadhi ndiye aliyeharibu, kwa kuufanya mlango wa mizimu kuwa kitu cha kutazamwa. Sisi twaona kila mmoja ameshika upande wa ukweli, lakini tukilazimishwa kuchagua tutasimama na mzee, kwa shingo upande. Mchoro usio na mtu anayeuogopa umekwisha kuwa sinema.

Linabaki pingamizi moja zito, nalo ni la tumbo. Kijana anayewaongoza wageni Naivasha hulipa ada ya shule ya wadogo zake kwa fedha ya jabali la simba. Je, tumwambie aache? Ni nani kati yetu aliye tayari kulipa ada hiyo badala yake? Hapa hatuna budi kuwa waaminifu: mtu mwenye njaa hapaswi kuhukumiwa na mtu aliyeshiba kwa sababu ya hadithi anazouza. Tungemwomba jambo moja tu. Akifika chini ya mwamba ule mrefu, baada ya kuwapa wageni simba wao, awaeleze pia habari za binti. Awaeleze kwa ukamilifu, jinsi alivyogeuka na alichokuwa akikitazama. Wageni wengi hawana ubaya. Wamekosa mtu wa kuwaambia. Anayetafuta kivuli aweza kuonyeshwa mti, ikiwa mwenye mti yupo na hajaona haya.

Na huenda sinema yenyewe ikamsaidia. Filamu ya Black Panther ya mwaka 2018 yahusu nchi ya Kiafrika ya kubuni, Wakanda, na sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa ndani na kando ya mji wa Atlanta, Marekani. Katika sehemu moja mtu mweusi anasimama katika jumba la makumbusho la London, anamuuliza mtunzaji mali hizi za Afrika zilifikaje hapa. Jumba linaloonekana si la London, ni la sanaa la High Museum huko Atlanta. Vijana huenda kulitazama. Basi jumba la uongo limeuliza swali la kweli, na twaamini wako walioanza kulifikiria swali hilo kwa sababu ya filamu, ambao hotuba zetu zisingewafikia.

Twarudi kwa walimu, ambao ndio hasa tuliowakusudia. Mwaka 1962, nchi ilipokuwa changa, iliundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, na si bahati mbaya kwamba mambo hayo mawili yalifungwa katika furushi moja. Mwanafunzi wa leo alijua jabali la simba kabla hajajua Lubaga ni nini. Kumkaripia hakuna faida. Apelekwe Matema siku ya soko, awaone wanawake wa Kikisi wakishusha vyungu walivyovileta kwa mitumbwi, aulize udongo watoka wapi na nani alimfundisha nani kuufinyanga. Aulize jina la mlima kabla ya Livingstone. Aandike atakachoambiwa, pamoja na yale yanayopingana, maana wazee hawakubaliani, na kutokubaliana kwao ndiko kunakoonyesha kwamba hadithi ingali hai.

Wapo vijana watakaotaka zaidi ya kuandika. Watataka kupiga filamu. Watanzania wamekwisha kulijaribu jambo hili kwa heshima. Arusi ya Mariamu, ya mwaka 1985, ilichukua habari za uganga wetu bila kuzicheka, na Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando na Ron Mulvihill na kutolewa mwaka 2001, ilimleta mzimu wa bibi wa kale mbele ya kamera kama mtu mwenye haki ya kusema. Kwa nini asije kijana wa Kyela akatengeneza filamu ya Lwembe? Habari ya mtu anayekimbia ufalme kwa kuwa ufalme ni kifo haina upungufu wowote wa kupendeza.

Lakini filamu hiyo ikipendwa, watu watataka kupaona. Yatakuja magari, vibanda vya soda, na vibao vya kuonyesha njia. Ndiyo sababu tungependa kijana huyo aende kwanza Lubaga bila kamera, akae na wazee wa mahali hapo siku nyingi kadiri watakavyomtaka akae, awaulize lipi lisemwe na lipi linyamaziwe, na akubali jibu lao hata likimharibia kazi. Kisha filamu yake aipige kwingine. Aipige Matema mchangani, au kwetu Busale katika migomba, ambako pana nafasi ya magari na watu watafurahi kupata vibarua. Wageni waje wapige picha hapo, waonyeshwe alipofia mfalme wa sinema, wanunue vyungu na mchele wa Kyela warudi kwao. Msitu wenyewe ubaki na giza lake.